Bendera Zilipobusiana Mara Mbili

Lannvihan, 15 Agosti 2019

Kaka Tugdual,

Salamu. Natumai mgongo wako haujambo, maana wangu tangu jana hausemeki. Rozenn, shemeji yako, anakusalimu. Simu sikutaka kupiga. Tungekatana maneno kabla hata ya kujuliana hali.

Nina jambo moja tu. Jana pale njia panda tulikutana, wewe na bendera ya parokia ya Plougoad, mimi na ya Lannvihan, tukaziinamisha zikagusana, zikabusiana kama kila mwaka. Ila jana haikuwa sikukuu, yalikuwa maonyesho ya watalii. Yule binti wa ofisi ya utalii akapayuka kwenye kipaza sauti: "Wazee, rudieni, wapiga picha hawakuwahi! Na safari hii mkumbatiane!" Tukarudia. Ukanikumbatia, ukaninong'oneza: "Nisamehe, mdogo wangu." Wageni wakapiga makofi.

Miaka tisa, kaka! Tangu umzike mama bila kunisubiri nirudi na lori kutoka Ureno, hujawahi kunitamkia neno zaidi ya "inua bendera". Sasa niambie: ulikuwa unaniambia mimi, au ulikuwa unawafurahisha wageni? Sikukuu yenyewe ya Msamaha ni Jumapili, tarehe mosi Septemba, na sijui nije na uso gani.

Mdogo wako,
Gwenolé

Plougoad, 20 Agosti

Mdogo wangu,

Barua imefika. Mimi mzima, mgongo ndio huo huo. Msalimie Rozenn.

Unaniuliza swali ambalo hata mimi najiuliza tangu siku hiyo. Yule binti aliniambia mapema, "Mzee, mnong'oneze kitu sikioni, picha itapendeza." Haki ya Mungu, nilifungua mdomo nikwambie bendera yako imepinda, likatoka lile. Nilishtuka kuliko wewe.

Mbona mbele ya padri, watu wanaimba, miaka yote hiyo sikuwahi kulisema? Nakuja kulisema mbele ya watu wa kaptula wanaolamba aiskrimu! Sasa huo ni msamaha au ni mchezo? Mimi sijui. Ukijua wewe, niambie.

Na bendera yako ilikuwa imepinda kweli.

Kaka yako,
Tugdual

Lannvihan, 24 Agosti

Kaka,

Hatujambo huku. Jibu lako limenivuruga zaidi. Nilimwendea padri, akasema nikuulize wewe. Nikamuuliza Rozenn, akasema, "Mama yenu alizaa punda wawili," akaendelea kumenya viazi.

Kama ulikuwa mchezo, mbona ulikuwa unatetemeka? Na kama haukuwa mchezo, mbona baadaye uliwapungia wageni mkono kama bwana harusi? Nawaza hili, nawaza lile, silali vizuri.

Basi tufanye hivi. Jumapili ya sikukuu nakuja. Hapatakuwa na kipaza sauti wala wa kutuamuru. Bendera zikibusiana, lirudie lile neno. Nikilisikia pale, nitaamini.

Mdogo wako,
Gwenolé

Lannvihan, 3 Septemba

Kaka Tugdual,

Sijui nikusalimu vipi leo. Nilisimama pale. Bendera zikagusana, nikakuinamishia sikio, waimbaji wakamaliza ubeti, wakaanza mwingine, nawe ukanikodolea macho tu, jasho linakutiririka. Mama mmoja mgeni akauliza kama mzee anaumwa. Ukageuka ukaenda zako.

Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira. Leo nazitafuta hizo hasira sizioni, na hapo ndipo ninapozidi kuchanganyikiwa. Huenda hata hilo neno sikuwa nalitaka. Baki nalo, wape wageni.

Ninachotaka ni mazishi ya mama. Sikuyaona, na hakuna aliyewahi kunisimulia. Kila mtu anadhani wewe ulishanisimulia. Alivaa nini? Nani alimbeba? Na mbona hukunisubiri, siku mbili tu? Nisimulie, kaka. Sitaki kingine.

Mdogo wako,
Gwenolé

Plougoad, 11 Septemba

Mdogo wangu Gwenolé,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika nyingine nikaichana. Hii naituma hivyo hivyo ilivyo.

Alivaa gauni lake jeusi la sikukuu na kofia ya lesi aliyoachiwa na bibi. Kofia ilikuwa inamlegea, nikaibana kwa pini. Tulimbeba mimi, jirani yetu Herri na watoto wawili wa seremala. Alikuwa mwepesi mno, nikaona aibu, kana kwamba sikuwa namlisha. Jua lilikuwa kali. Padri alichanganya ukurasa, akaanza ibada ya ubatizo, Herri akamkoholea. Ungekuwepo ungecheka, mama naye angecheka. Nilimwekea yale maua ya buluu yanayoota ukutani kwake. Baada ya hapo watu walikuja kula, mimi nikala chapati moja ya siagi nimesimama jikoni, sikumbuki ladha yake.

Sasa hilo la kutokukusubiri. Nilimlisha mimi, nilimwogesha mimi, wewe ukiwa barabarani. Na kila nikiingia chumbani, uso wake ulichangamka, akasema, "Gwenolé, umerudi!" Mwanzoni nilimsahihisha: mama, ni mimi Tugdual. Akawa analia. Nikaacha kumsahihisha. Nikawa naitika.

Siku aliyokufa alinishika mkono akasema, "Gwenolé, mwanangu, usiende tena. Nimekuwekea siagi." Nikamwambia, siendi, mama. Nikaitika kwa jina lako mpaka akakata roho.

Nikasema moyoni: mimi sikuagwa, basi na yeye asizike. Ni hivyo tu. Mpaka leo sijui nilikukasirikia wewe au nilimkasirikia yeye.

Ila maneno yale ya mama hayakuwa yangu. Alikuwa anakwambia wewe. Ilinipasa nikuletee siku ile ile uliposhuka kwenye lori. Pokea.

Kaka yako,
Tugdual