Saa za Baba Hazifuati Tena Redio

Shangazi mpendwa,

Kabla hujanikaripia, maana ulimi wako naujua na nakusoma gazetini kila wiki, naomba unisikilize mpaka mwisho, kwa kuwa maji yamenifika shingoni na hapa nyumbani sina wa kumuuliza.

Mimi ni msomaji wa habari katika redio ya mji wetu, na baba yangu ni fundi saa, mtaa mzima unamwita Mzee Dakika, na ungemjua enzi zile Shangazi ungempenda, kwa sababu kila jioni taarifa ya habari ikikaribia aliweka koleo chini, akafungua redio iliyokaa juu ya kabati la vioo, na watu wakaanza kuingia, mwenye duka, dereva, walimu wakitoka kazini, kila mmoja amekunja mkono wa shati, na ule mlio wa mwisho wa kutangaza saa kamili ukilia kila mtu anasukuma kitufe cha pembeni cha saa yake ndani, halafu saa za ukutani zinagonga zote pamoja na baba anatabasamu kama amezizaa yeye. Mimi nilikuwa nakaa juu ya kaunta miguu ikining'inia, ananiambia, "Msikilize yule anavyotamka, hata kikohozi hakimtoki!" na hapo ndipo nilipoipenda kazi hii. Jioni moja mtangazaji alikosea kutaja saa, akarudi baada ya wimbo akaomba radhi, na baba akapiga meza kwa furaha, "Huyo ndiye mwanamume!" Basi nazitamani siku zile.

Ugonjwa huu wa mlipuko ulipoingia, mimi ndiye niliyepewa kusoma idadi ya wagonjwa na waliofariki, na baba alisikiliza akijidai kwa wateja, mpaka siku aliyofariki jirani yake fundi cherehani, rafiki yake tangu ujana, tuliyemwita Suti kwa kuwa alizishona maisha yake yote na hakuwahi kuvaa hata moja. Alibanwa kifua akafia kitandani mwake, tukamzika tukiwa wachache tumesimama mbalimbali, na jioni hiyohiyo mimi, kwa sauti yangu hii, nikasoma kwamba mjini kwetu hakuna aliyefariki kwa ugonjwa huo. Niliporudi nikamkuta baba amezima redio. Hakunigombeza Shangazi, bora angenigombeza, aliniuliza tu, "Sasa Suti amekufa na nini mwanangu, na usingizi?"

Nilimuuliza mhariri, akasema idadi ile ni ya waliopimwa na kufia hospitalini, na kwamba maelezo hayo huwa yanakuja ila yeye anayakata, kwa sababu watu wanataka namba, hawataki hotuba.

Tangu hapo baba hafungui redio, gazeti anafungia vipuri, saa za ukutani kila moja inasema lake, na mteja akilalamika anajibu, "Walionidanganya juu ya rafiki yangu watashindwa kunidanganya juu ya saa?" Na mtaa umemfuata, wengine wanasema namba zinafichwa, wengine wanasema zinatiwa chumvi, ila wote wamekubaliana kwamba sisi wa redio ni waongo, hata muuza mkaa ananiita Bi Namba.

Shida yenyewe ni hii. Baba ana sukari na kifua chake si cha kuaminika, chanjo imefika kliniki yetu, wanachanja wazee wiki hii halafu wanahamia mji mwingine, naye amekataa katakata, anasema waliosema Suti hakufa ndio haohao wanaosema sindano ni salama. Rafiki yangu muuguzi amekubali kumchoma siku anayokwenda kupimwa sukari, amwambie ni vitamini. Naona ndiyo njia pekee ya kubaki na baba yangu, lakini nafsi inanisuta. Nifanye, Shangazi?

Ni mimi, Binti wa Mzee Dakika

*

Binti wa Mzee Dakika,

Usifanye. Nimelitanguliza ili hata ukiacha kusoma hapa liwe limekufikia. Na huyo muuguzi mwambie Shangazi amesema aone haya.

Pole kwa kumpoteza jirani. Mimi pia nilikuwa na saa niliyoirekebisha kwa ule mlio wa redio, na marehemu mume wangu akinicheka, kwa hiyo usidhani barua yako haikunigusa. Nilikaa nayo jikoni mpaka chai ikapoa.

Ila mwanangu, dawa umeiandika mwenyewe kisha ukairuka! Baba yako alipiga meza lini? Mtangazaji alipopatia? Alipiga meza yule alipokosea akarudi kuomba radhi. Enzi zile haikuwepo redio isiyokosea, usijidanganye. Alikuwepo mtu aliyerudi baada ya wimbo. Wewe mbona hujarudi?

Mhariri amekueleza kwa nini Suti hakuhesabiwa. Baba yako umemwambia? Barua yako nimeirudia na sijaona mahali. Mimi usiyenijua umenimwagia yote, na mzee aliyefiwa umemwacha na swali lake. Halafu unataka kumtibu aliyedanganywa kwa kumdanganya tena! Siku akijua, na atajua, maana mtaa wenu una midomo, hatakuwa amempoteza Suti tu, atakuwa amekupoteza na wewe.

Kesho asubuhi nenda dukani kabla ya wateja. Usibebe takwimu wala daktari. Panda kwenye kaunta kama bado inakuhimili, umwambie: baba, Suti hakupimwa, kwa hiyo hakuhesabiwa, nami nilisoma namba bila kusema inahesabu akina nani, naomba radhi. Kisha nyamaza. Akikugombeza, shukuru, si ndicho ulichokuwa unakitaka?

Ukitoka hapo nenda kwa mhariri. Mwambie maelezo yale yarudi, ni mafupi kuliko tangazo la sabuni, na asipotaka atafute sauti nyingine ya kusoma namba zake.

Kuhusu chanjo, mwombe kama binti. Sema unaogopa kumzika. Sema unachojua na usichokijua kuhusu hiyo sindano, mengine amuulize muuguzi nawe ukisikia. Mkono ni wake. Akikataa leo, omba tena kesho, na chanjo ikihama, pandeni basi mkaifuate.

Na jioni, ukimaliza kusoma idadi, ongeza kwamba wapo waliofia majumbani ambao hawamo katika hesabu hii. Jina la Suti hutalitaja, lakini mtu mmoja atajua unamsema nani. Kwa hiyo asubuhi hiyo, kabla hujashuka kwenye kaunta, mwombe baba yako jambo moja tu: jioni afungue redio.

Shangazi