Bafta Niliyonunua si ya Sanda

Muscat,
Jumapili asubuhi

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Kabla ya yote nakuapia: sijafa, siumwi, na hakuna aliyekufa nyumba hii. Wewe hujambo? Goti limepoa? Mimi nakula nashiba, na Bi Salma, huyu bibi ninayemuuguza, anakusalimu sana. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukianza kulia nami nalia, basi hatusikilizani. Barua anakuletea mwenzangu wa Pongwe anayerudi likizo.

Hebu nikueleze ilivyokuwa. Kule Kigombe ninakotaka kusomea ualimu wa yoga, wametuagiza tuje na nguo nyeupe za pamba, pana, za kukalia chini. Za madukani zote zinabana, nikaona heri nikashonewe. Nikaenda kwa muuza vitambaa mmoja, Mswahili mwenzetu anayenijua, mkewe mtu wa kwetu Chumbageni. Nikamwambia anipimie bafta nyeupe. Akanitazama kwa huruma.

"Ya mwanamke au mwanamume?"

"Mwanamke."

"Mrefu?"

"Kama mimi hivi."

Akapima kimya kimya, akanifungia, akasema, "Mungu awape subira." Nami mjinga wako nikaitikia amina, nikidhani anatuhurumia sisi tulio ugenini! Nilipofungua furushi nyumbani nikakuta kafuri na pamba humo humo. Bi Salma akapiga ukelele.

Kumbe alimwambia mkewe kauza sanda ya Mwanahawa, naye mkewe akaelewa vyake, keshapiga simu huko kwetu, ati Mwanahawa kafariki, watu wanamtafutia sanda. Mpaka unampigia Bi Salma kuuliza nitazikwa wapi, mikeka ilikuwa imeshatandikwa barazani na shangazi sauti imemkauka kwa kilio. Nikapokea mimi. Ukanigeuzia ukali: "Kumbe u hai! Basi hiyo yoga iache. Hujaianza, imeshakuletea sanda." Nilicheka, Mama, lakini ulipokata simu nililia sana. Bila radhi yako siendi, na wewe unajua kuwa siendi.

Sasa nisikilize. Lile la masanamu, hofu yako kwamba yoga ni kuyaabudu, nimeliuliza. Mwalimu wa Kihindi anayekuja kumnyoosha viungo Bi Salma, ndiye aliyenifundisha na mimi, aliwapigia simu watu wa Kigombe nikiwa nimekaa ubavuni mwake. Wakasema asubuhi huimba nyimbo zao, na asiyetaka anakaa kimya anavuta pumzi zake. Nafasi ya kuswali ipo. Wanawake tunalala peke yetu, simu tunanyang'anywa mpaka Ijumaa, na mtandio wangu sivuliwi na mtu.

Huku najiandaa kweli kweli. Kuamka alfajiri si kazi, ulinizoesha mwenyewe kwa maji ya kata usoni. Kukaa chini nako nimekulia juu ya mbuzi nikikuna nazi. Linalonishinda ni kusimama kwa mguu mmoja. Juzi nimeanguka na bilauri ya Bi Salma, yeye anacheka mimi naokota vigae. Halafu chakula! Hawali nyama wala samaki. Kigombe bila samaki, Mama, umewahi kusikia? Changu anachomwa kwa jirani, mimi nimeinamia bakuli la kunde! Nimeshaanza kujizoesha kwa choroko na mchicha wa nazi. Mwili umekuwa mwepesi, ila kuna siku namwonea wivu paka.

Unaniuliza yote haya ya nini. Bi Salma nilimkuta hageuki kitandani bila kushikwa. Leo anakwenda msalani mwenyewe, polepole, na akirudi anajisifu. Kila nikimtazama nakukumbuka wewe unavyoshika ukuta ukitoka uani, na roho inaniuma kwamba mikono yangu inanyoosha miguu ya mama wa watu. Nataka nifuzu niwafundishe wanawake wa mtaa wetu, hapo hapo uani, na wa kwanza uwe wewe, utake usitake.

Msalimie shangazi, mwambie ahsante kwa machozi, lakini mengine ayaweke akiba. Msalimie kaka na mkewe aliyejifungua, nambusu mtoto. Na jirani yetu aliyeleta uji wa matanga, mpe pole na shukrani, uji haukuharibika, najua mliunywa.

La mwisho sijamwambia mtu ila Bi Salma. Mkataba wangu unakwisha baada ya Idi na sikuongeza mwingine. Amelia, kisha ameniruhusu. Kwa hiyo nitateremka Chumbageni kwanza, kabla ya Kigombe. Ukiniwekea mkono kichwani, asubuhi yake nitakwenda kusoma. Usiponiwekea, nitavua viatu niingie ndani, nikae na wewe. Lakini huku sirudi tena, Mama. Nimechoka kuwa sauti ya simu.

Mimi binti yako akupendaye,
Mwanahawa