Miaka Saba Mliyoikata

Isiolo, Jumanne

Shemeji Yahye,

Salaam aleikum. Mbuzi wa jirani yetu Kowsar amezaa mapacha, na mvua bado.

Mdogo wako Ahmednasir ameacha kuendesha lori, lakini sigara hajaacha. Anatema makohozi kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, na mimi mkewe ndiye ninayemwaga. Kinyaa kimenijaa mpaka chai hainipiti kooni.

Mwaka jana, kabla hajaanza kukohoa, walikuja madaktari kupima mapafu ya wavutaji sigara. Walisema wakati mzuri ni kuanzia miaka hamsini, mtu akiwa bado anajiona mzima. Nikamburuta mpaka kwenye foleni. Karani akaangalia kitambulisho: arobaini na nne.

Nikamwambia ana hamsini na moja, alizaliwa mwaka ngamia wenu walipoisha Sericho kwa ukame.

“Mama, mrudishe baada ya miaka sita.”

Wewe ndiye uliyempeleka kuandikisha, ukampunguzia miaka saba ili jeshi limchukue, kama ulivyojipunguzia yako. Jeshi lenyewe likamkataa kwa sababu ya meno! Nyinyi wanaume mnanichefua.

Leo asubuhi mkebe ulikuwa mwekundu. Kesho nampeleka hospitali.

Madaktari wale wanarudi mwezi ujao. Wewe una hamsini na sita, kitambulisho chako kinasema arobaini na tisa, na unavuta kumshinda yeye. Nenda kwa wakili ukaape umri wako wa kweli, wakupime, ama umwambie mke wako aanze kutafuta mkebe.

Ni mimi,
Ubah