Kaburi Dogo la Pamba

Jumamosi, mwezi wa nane. Upepo umetulia tangu alfajiri, jua ni la kiasi, na mimi nina furaha inayonitia haya kidogo.

Leo tumemhamisha Baba.

Najua si sentensi ya kuandikwa na mtu mwenye furaha. Lakini blogu hii niliianzisha ili pawe na mahali pamoja ambapo sisemi uwongo, na ukweli ni kwamba nimerudi nyumbani nikala sahani mbili za wali na samaki wa nazi. Mama yuko jikoni anaimba.

Kwa asiyejua habari zetu: tangu gesi ionekane huko baharini, kijiji chetu karibu na Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kimekuwa cha kuhama. Watu wa mradi walianza kwa kuhesabu nyumba, wakaja kwenye mikorosho, wakamalizia na makaburi. Wengi wetu tulizika nyuma ya nyumba, kwenye uwanja wa ukoo, na hakuna aliyekubali kuondoka awaache watu wake peke yao.

Baba alikuwa fundi cherehani. Paka wake, Pamba, alilala miaka yote kwenye kikapu cha vipande vya nguo, miguuni pake. Baba alipofariki, Pamba alisusa chakula siku mbili tatu, kisha akarudi kula, akaishi nasi mwaka mzima akiwa mnene na mwizi wa samaki. Sitii chumvi. Hakufa kwa huzuni, alikufa kwa uzee. Mama alimzika mwenyewe, miguuni kwa Baba, akapanga vijiwe vya matumbawe kuzunguka kaburi lake dogo, akawa analifagia kila Ijumaa. Hakumwomba mtu ruhusa.

Kisha akaja Armando, fundi wa mradi kutoka mji wa Pemba, huku huku Msumbiji, bwana mpole mwenye daftari, utepe mwekundu na vibao vya namba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na Kireno nakijua, kwa hiyo nilikuwa mkalimani. Alipofika kwenye vile vijiwe vya matumbawe alivua kofia.

"Criança?" aliuliza kwa sauti ya chini. Mtoto?

Mama akanibana mkono. Nikaitikia kwa kichwa.

Mwalimu mzima, mbele ya kaburi la baba yangu, nikamgeuza paka akawa ndugu yangu.

Nilijiambia nimefanya kwa ajili ya Mama, ili Pamba asiachwe chini ya matingatinga. Nusu ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba niliona aibu kumwambia yule bwana, aliyekwisha vua kofia, kuwa amemvulia paka.

Sikujua kwamba orodha ingebandikwa kwenye mti wa mikutano, pale kwa kiongozi wa kijiji, kila mtu aisome. Kesho yake Bi Atija, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliingia na bakuli la uji wa mchele na macho mekundu.

"Dada, miaka yote hii tunapeana moto, kumbe ulizika ntoto na hukuniambia?"

Mama akafunika uso kwa kapulana yake, nguo aliyojitanda, mabega yakatikisika. Bi Atija akalia zaidi. Mimi nilijua fika kwamba Mama anacheka. Siku ya tatu mama mdogo akapiga simu kutoka kijiji cha Quiterajo, amenuna kweli kweli, anataka kujua mtoto alizaliwa lini na kwa nini hakuletewa habari. Mama akamwambia simu inakatika.

Basi kwa wiki kadhaa nikawa nawaza swali ambalo sikuwahi kudhani litanihusu. Je, mtu azikwe na mnyama wake? Kuna asubuhi niliamka nikasema kwa nini isiwe hivyo, Pamba alimfahamu Baba kuliko nusu ya watu waliokuja kumzika. Mchana nikikumbuka kwamba makaburi ni mahali pa kuombeana, na paka hana dhambi wala hana cha kuombewa, nikaona tunafanya mchezo. Sidhani kama nilitafuta jibu kwa bidii.

Kilichonishinda ni sanda.

Alhamisi shehe Anli alipita nyumba kwa nyumba na vitambaa vyeupe, kwa sababu mifupa ya kila maiti ingefungwa upya kabla ya kuzikwa. Kwetu alitoa kipande kikubwa kwa ajili ya Baba. Halafu akatoa kingine kidogo. Alikuwa amekikata mwenyewe, akakikunja vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili na kuniambia watoto husamehewa yote. Nilikipokea. Nikakaa nacho mapajani mpaka adhuhuri.

Alasiri nilimfuata msikitini, nikamweleza mambo yote nikitazama viatu vyangu. Nilipoinua macho, ndevu zilikuwa zikimtetemeka. Yeye pia alikuwa anacheka.

"Pamba namjua," alisema. "Alikuwa akilala hapa mlangoni mwa nsikiti, tukimruka. Kiumbe nzuri. Lakini sanda hafungwi, na makaburi ya watu ni ya watu."

Halafu akaniambia kwamba nje ya mawe ya mpaka wa makaburi mapya ni pori tu, na porini haulizwi mtu amezika nini. Kaburi la Baba liko safu ya mwisho, karibu na mpaka. Kitambaa kidogo akakichukua tena. Kumwambia Armando, alisema, hiyo ni kazi ya aliyeitikia kwa kichwa.

Armando nilimpigia simu siku hiyohiyo, akacheka mpaka akakohoa. Mama ndiye niliyeogopa kumwambia. Nilitarajia machozi, au anirushie mwiko. Aliendelea kukuna nazi, akauliza neno moja tu.

"Mashimo washachimba?"

Nikamwambia yamechimbwa tangu Jumatano, la Baba na lile dogo, ubavu kwa ubavu. Akasema haya. Sikuelewa.

Kwa desturi yetu wanawake hatuendi makaburini wakati wa maziko, ila kwa uhamisho huu shehe aliruhusu tusimame pembeni. Baba alishushwa taratibu, dua ikasomwa, na nililia kidogo, kilio kisichouma. Kisha mimi na Mama tukazunguka nje ya mawe ya mpaka. Mama alikuwa amebeba mifupa ya Pamba ndani ya kikapu kilekile cha vipande vya nguo. Tulimchimbia kwa jembe la mkono, pale miguu ya Baba inapoelekea, hatua chache tu. Mama akapanga vijiwe vyake vya matumbawe, alivyokuja navyo kwenye mfuko wa unga.

Tuliporudi, Armando alikuwa anawaagiza wachimbaji wafukie lile shimo dogo kando ya Baba, nafasi ipewe maiti ajaye.

"Ngoja," alisema Mama. "Hilo langu."

Ndipo nilipokumbuka mkutano wa mwanzo kabisa, kabla hata ya kuhesabu. Mama alisimama mbele ya watu akaomba awekewe nafasi kando ya mumewe. Walimjibu kwa heshima kwamba aliye hai hawekewi, makaburi yatapangwa ukoo kwa ukoo, waliomo kwenye orodha tu. Alikaa chini. Mimi nilidhani amesahau.

Armando alikuna kichwa, akamtazama shehe. Shehe alilitazama shimo, akasema ni la mtoto, halimtoshi.

"Lifukieni, mnipanulie siku yangu," Mama akajibu. "Sina haraka."

Hata wachimbaji walicheka. Shehe akamwambia Armando kwamba uwongo umekwisha tubiwa, ila shimo limekwisha chimbwa, na kama yeye haoni vibaya, naye haoni. Armando akafungua daftari, akakata neno mtoto kwa mstari mmoja, akaniomba jina la Mama. Nililitaja herufi kwa herufi. Mama alisimama nyuma ya bega lake kuhakikisha, na kusoma hajui.

Njiani alinishika mkono palepale aliponibana siku ile.

"Mwanangu, we ulidhani nilikubana kwa ajili ya paka tu?"

Kwa hiyo swali langu nalirudisha kabatini bila jibu. Pamba yuko nje ya mpaka, Baba yuko ndani, na kati yao ni safu ya mawe ambayo paka yule angeiruka bila kuamka vizuri. Kesho asubuhi nitampigia mama mdogo wa Quiterajo nimweleze ukweli wote, nikianza na kuitikia kwangu kwa kichwa. Na Mama ameshaniambia nisisahau kununua ufagio mpya, maana sasa ana makaburi matatu ya kufagia kila Ijumaa, na moja ni lake.