Mume Wangu Anadhani Nilisoma Chuo Kikuu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nina wiki sita tu kwenye ndoa na furaha niliyonayo sijui niiweke wapi, mume wangu ananiita Malkia, akirudi kazini anaibusu mikono yangu hata ikinuka vitunguu, na mimi huyuhuyu namdanganya.

Niliishia kidato cha nne. Kisha nikafanya kazi miaka mitano katika duka la kuchapa na kudurufu, mkabala na geti la chuo kikuu, nikichapa tasnifu za wanafunzi na kuzitia jalada, nikiwaona wengine wanalia wakirudishiwa kazi zao zimejaa wino mwekundu. Baadaye nikakutana na huyu mpenzi wangu, akasema alisoma palepale, nami kwa kutaka anitazame zaidi nikasema, "Hata mimi, nilisomea ualimu." Mshauri, alivyofurahi! Tangu hapo kila jioni ni chuo tu, foleni za maktaba, maji kukatika bwenini, yule mhadhiri aliyefunga mlango saa mbili kamili, na kwa vile wateja walinisimulia yote, najibu bila kukwama. Hunishika mashavu: "Jamani, kwa nini hatukuonana mapema?"

Sasa Jumamosi wenzake wa darasa wanakutana, na kila mmoja atasimama na mwenzi wake, waseme chuo kiliwafunza nini. Juzi dada yake kaniuliza, "Wifi, wewe ulikaa bweni gani?" Nikajifanya nakohoa. Nampenda mno. Akijua, si atanitazama kama mgeni?
Bibi Harusi Mwenye Hofu

Bibi harusi, hongera, na pole.

Kikohozi hicho acha, wifi yako si mtoto. Kuishia kidato cha nne si kosa, na wala sikuonei huruma kwa hilo. Kosa ni kwamba mumeo kila jioni anazungumza na mwanafunzi ambaye hakuwahi kuwepo, na wewe unamwacha. Wale waliolia dukani kwako walichukua karatasi zao wakaanza upya. Uliwaona kwa macho yako, kwa hiyo usiniambie hujui inavyofanyika.

Mwambie leo, mkishakula, mmekaa. Usianze na machozi, wala usimuulize kwanza kama anakupenda, huko ni kumfunga mdomo. Sema, "Sikusoma chuo. Nilikudanganya." Kisha nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike, na usikimbilie kwa mama yako. Kama mtakwenda Jumamosi au la, aamue yeye. Mkienda, jitambulishe kuwa mchapaji wa pale getini, na ukae wima.

Atakuuliza kwa nini ulidanganya. Usimjibu kwamba ni mapenzi. Mwambie uliona aibu. Mapenzi umemwambia kila siku kwa wiki sita. Hilo la aibu hajalisikia hata mara moja.