Kicheko Kilichobaki Kwenye Kanda

Jedda

Mke wangu Mama Fatma, Mjambere, Kisauni,

Assalaam aleikum. Salamu kwanza, malalamiko yanafuata. Waonaje hali? Goti limepata nafuu? Makuti ya jikoni yamebadilishwa, au mvua bado yakunyea? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila roho haina raha, na sababu ni ile kaseti yako.

Miaka yote uliniandikia kwa mkono wako, kwa zile herufi za Kiarabu ulizofunzwa chuo cha Kurani. Nilikuwa nikisoma nikijua hakuna mtu kati yetu. Sasa wasema macho yamechoka, binti yetu amekununulia redio kaseti, utakuwa ukinitumia sauti. Haya. Nikaipeleka kanda kwa wenzangu tunaopika nao hotelini, watu wa pwani, tukaketi kusikiliza. Ukasalimu vizuri, ukatoa habari zote za nyumbani. Mwisho ikatoka sauti ya mwanamume: "Ushamaliza, bibi? Haya, bonyeza kitufe cha pembeni. Sicho, hicho ni kidole changu." Nawe ukacheka.

Wenzangu wakatazama chini. Sauti ile naijua. Ni Athmani, fundi redio wa Kongowea, aliyekuja kukuposa kabla yangu, na sasa amefiwa na mkewe. Kwani Kisauni nzima hakuna fundi mwingine? Wallahi nimeona wivu, na mvi zangu hizi, wala sioni haya kukwambia.

Nikanunua redio yangu nisiwe nakusikiliza mbele za watu. Nikakusudia kukujibu kwa sauti, unisikie nilivyokasirika. Kumwomba mtu anifundishe sikutaka. Nikaitia kanda yako, maana ndiyo niliyokuwa nayo, nikabonyeza kitufe chekundu, nikasema weee, Athmani nikamchambua mpaka koo likakauka. Kuirudisha nyuma, najisikia mimi tu. Wewe humo tena. Nilidhani maneno yangu yatajipanga chini ya yako, kama kwenye karatasi. Kumbe yanafuta.

Kilichosalimika ni pale mwisho, ambapo sauti yangu haikufika: kidole cha Athmani na kicheko chako. Sina kingine chako cha kusikiliza. Nikitoka kazini nakiweka, nakirudia, na kila mara aliyekuchekesha si mimi.

Basi nimerudia kalamu, herufi nimezikuza kwa ajili ya macho yako, nawe nirekodie nyingine. Ikiwa huwezi peke yako, mwite huyo fundi, lakini mlango uwe wazi na dada yangu Mwanaisha akae katikati. Nisalimie mama mkwe, umwambie dawa yake ya kuchua nitampa mtu anayekuja. Msalimie Fatma na mumewe, na mwalimu wa chuo, jirani yetu. Athmani naye msalimie, ukiwa mbali.

Ukishamaliza kusema, usiizime haraka. Ngoja fundi atoke, kisha ucheke kidogo, mwenyewe, bila mtu kukuchekesha, nami nipate kukifuta kicheko hiki.

Mumeo,
Baba Fatma