Samaki wa Baba Wanakufa

Jumatano, baada ya alasiri. Mbingu imefunga tangu asubuhi, manyunyu yanakuja na kuondoka, hata chumvi imeshikana kwenye kopo. Shuleni nimeomba ruhusa, nimesema naumwa. Siumwi. Nimekaa sebuleni namtazama samaki mmoja anayetweta juu ya maji, mdomo wazi, na sina nguvu ya kwenda kusimama mbele ya watoto wa watu.

Amebaki yeye na wenzake watatu. Nilinunua kumi na wawili.

Wacha nianze mwanzo, maana kichwa changu leo hakina mpangilio.

Baba alipata kiharusi kabla ya Ramadhani. Upande wa kulia wote umelala, ulimi umefunga, na hata mkono wa kushoto aliuacha tu mapajani. Huyu ni mtu aliyekuwa nyapara wa shamba la mkonge huko njia ya Pongwe miaka na miaka, sauti yake ikifika mwisho wa mistari bila yeye kuinuka alipokaa. Sasa nikimwambia shikamoo, ananijibu kwa kope. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayekuja nyumbani alituambia tumtafutie kitu chenye uhai cha kutazama, kwa sababu baba alishaanza kugeukia ukuta kutwa nzima. Runinga haitaki. Wageni wakija, anafumba macho mpaka waondoke.

Ndipo nikapata wazo la tangi la samaki. Mimi, ambaye sijawahi kufuga hata kuku.

Nilifanya kila kitu Jumamosi moja, kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Nikaosha kioo, nikaosha kokoto, nikajaza maji ya bomba mpaka karibu na ukingo, nikachomeka pampu ya hewa na lile chujio dogo lenye sponji ndani, nikawamimina samaki. Wadogo kama kidole cha mtoto, mikia ya rangi ya machungwa na ya buluu. Aliyeniuzia hakunieleza kitu, na mimi sikuuliza. Nilidhani samaki ni maji tu.

Tulimsogeza baba na kiti chake karibu na kioo. Alitazama mpaka adhuhuri. Shingo yake ilikuwa inawafuata, huku na huku. Mama akaingia jikoni, nikamsikia analia huko.

Siku ya nne akafa wa kwanza. Siku ya tano wawili. Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Nikajiambia ni uchafu, nikayamwaga yote, nikasugua sponji chini ya bomba mpaka ikarudi rangi yake ya dukani, nikajaza maji mapya. Nilijiona hodari. Kesho yake wakafa watatu kwa mpigo.

Jana wawili tena. Nikampigia simu Zulfa, niliyefundisha naye zamani. Anakaa Raskazone na ana matangi manne nyumbani kwake, watu walikuwa wakimcheka kwa hilo, na mimi nikiwemo.

"Uliwatia samaki siku ileile uliyojaza maji?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Na sponji umeiosha kwa maji ya bomba?"

"Mpaka ikang'aa."

"Mwanaisha, tangi lako bado changa. Kuna vijidudu vizuri vinavyoota kwenye sponji na kwenye kokoto. Hivyo ndivyo vinavyoondoa sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kinachooza. Huchukua wiki kadhaa mpaka vikae sawa. Wewe vyako vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza, ukaviua kwa dawa iliyomo kwenye maji ya bomba."

Akanielekeza taratibu, kama anavyomwelekeza mtoto wa darasa la pili. Nikinge maji kwenye ndoo, niyaache wazi siku nzima dawa itoke. Kila siku nitoe robo ya maji ya tangi na nirudishie haya yaliyolala, polepole, samaki wasishtuke. Sponji niikamue tu ndani ya yale maji niliyotoa, nisiipeleke bombani tena. Siku tatu wasile kitu, hawatakufa njaa.

"Chakula unawapa kiasi gani?"

"Kidogo sana. Asubuhi tu, kama chumvi ya yai."

"Basi kopo moja litakuchukua miezi."

Nikalinyanyua kopo. Lilikuwa jepesi. Limebaki vumbi chini.

Nilimwita mama. Alikuja na ungo wa mchele mkononi, na nilipomwonyesha kopo hakushangaa hata kidogo.

"Baba yako ndiye anayewalisha," akasema. "Anaunyoosha ule mkono wa kushoto mpaka kwenye kopo, mwanangu. Mimi namshikia, anachota mwenyewe, anamimina mwenyewe. Kila baada ya swala, na katikati akitaka. Tangu aumwe hajaomba kitu kingine."

Hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu nianze kuandika. Ningeweza kushukuru. Miezi yote hii tunaomba dua anyanyue japo kidole, kumbe mkono ulikuwa unafanya kazi nikiwa shuleni. Badala yake nilimfokea mama yangu. Nilimwambia maji yameoza kwa sababu yake na baba. Nilimwambia, kwa sauti ya darasani, "Nyinyi ndio mmewaua."

Baba alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya ukingo wa meza. Akaushusha mapajani. Akageuza uso.

Tangu hapo hajatazama kioo. Usiku hakula. Asubuhi ya leo uji ulirudi jikoni kama ulivyokwenda. Mama ananijibu salamu na basi. Na mimi niliyesababisha nimekaa nahesabu samaki, naogopa kumtazama baba usoni. Nikiri jambo lingine, maana hapa hakuna wa kunisuta: kila nikiamka naanza kwenye tangi, ndipo naenda kitandani kwake. Sijui lini nilianza kuamini kwamba wao wakiisha, na yeye anakwisha.

Baada ya adhuhuri maji ya ndoo niliyoyakinga jana yalikuwa yametimiza siku. Nikatoa robo, nikakamua sponji kama nilivyoelekezwa, nikapiga goti nikaanza kurudishia kwa kikombe cha plastiki. Nilipogeuka kuchota tena, nikaona baba anakiangalia kikombe.

Sikupanga nilichofanya. Niliweka maji nusu, nikakitia kikombe kwenye mkono wake wa kushoto.

"Baba, nisaidie. Wanataka maji, ila yaingie polepole. Mimi nina haraka, nitawaua."

Alikaa nacho muda mrefu, mpaka nikadhani atakiachia. Kisha mkono ukaanza kupanda. Cha kwanza kilimwagikia msuli aliojifunga, ukaloa wote. Cha pili nilimshika kiwiko, kikaingia nusu. Cha tatu kiliingia chote, kijimkondo chembamba kama cha birika. Ndoo moja ilituchukua karibu saa nzima, nami sijawahi kuona mtu anamimina maji taratibu vile.

Mama alisimama mlangoni akitutazama. Akaondoka, akarudi na kanga kavu, akamfunika baba miguu.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Uliyemvunja moyo si mimi," akajibu.

Nikamgeukia baba, nikamwomba radhi palepale sakafuni, magoti yameloa. Hakupepesa. Alinisukumia kikombe kifuani. Kilikuwa kitupu, na ndoo pia ilikuwa tupu.

"Yamekwisha, baba. Kesho tena."

Akanisukumia mara ya pili.

Ningependa kuandika kwamba samaki wamechangamka. Hawajachangamka. Yule mmoja bado anatweta juu, na mwingine amejilaza kwenye kokoto, mapezi yameshikamana na mwili. Zulfa amesema wengine huwa wameshaungua ndani kwa ile sumu, hata maji yakiwa mazuri hawarudi. Na sasa nimefanya nini? Nimempa baba kazi, nikaifunga kwenye samaki wanne wanaokufa.

Nimekinga ndoo mbili, nimeziacha wazi ukumbini. Kopo la chakula nimelifungia kabatini na vumbi lake. Baba amesinzia kitini na kikombe bado kiko mkononi, nimejaribu kukitoa lakini vidole havikiachii.

Siombi wote wapone. Naomba mmoja afike Ijumaa, zile siku tatu za kutokula zikiisha. Hata kwa mmoja, maji lazima yabadilishwe.